Usiseme "Kwetu ni Kawaida"

 Wanangu, mlipokuja juzi jioni kunieleza kwamba safari zimeiva, mmoja Uingereza kwenye kazi ya kutunza wazee, mmoja Ujerumani kusomea uuguzi, mmoja Muscat kwa kazi za ndani, nilifurahi nikawaombea. Mama zenu wamekwisha kuwausia mambo ya fedha, ya ndoa na ya ibada. Mimi nilibaki na moja ambalo sikulisema, maana lilinikaba koo wakati mnaondoka. Mmoja wenu alimpiga teke mbwa wangu aliyekuwa amelala mlangoni. Hakumpiga kwa chuki. Alimpiga kama mtu anavyosogeza kigoda kilichomzibia njia. Mbwa akalia, akahamia chini ya mwembe, nanyi mkaendelea na mazungumzo yenu bila hata mmoja kugeuza shingo.

Nilikuwa bwana mifugo hapa Usangu kwa miaka 31. Nimechanja, nimehasi, nimezalisha ng'ombe usiku wa mvua kwa mwanga wa tochi, na nyama naila. Kwa hiyo msinichukulie kama mzee aliyeanza kuona haya uzeeni. Ninayowaambia nimeyaona kwa macho, mengine yamenipata mwenyewe.

Yupo kijana wa hapa hapa Rujewa, jina lake nalisitiri kwa sababu wazazi wake wako hai na bado wanaumia. Alikwenda England, akapata kazi nzuri kwenye makao ya wazee, akawa anatuma fedha kila mwezi, akamwezekea baba yake nyumba bati jipya. Jioni moja anarudi kutoka kazini, mbwa wa jirani akamkimbilia kwenye ujia wa bustani. Mbwa mdogo, wa kubebwa kwapani. Kijana wetu akampiga teke la mbavu, kisha, kwa hofu, akaongeza la pili. Mtu wa ghorofani alikuwa dirishani na simu yake.

Ninaielewa hofu ile. Mtoto aliyekulia Usangu anajua kichaa cha mbwa. Anajua jina la mtoto mwenzake aliyekufa nacho, anajua namna mgonjwa anavyoogopa maji. Mbwa akimkimbilia, mguu unatangulia kabla ya akili. Lakini hakuna aliyemwambia, kabla hajapanda ndege, kwamba nchi anayokwenda haijapata kichaa cha mbwa cha humo humo ndani tangu mwaka 1922. Teke la kwanza lilikuwa la Rujewa, likatua mahali ambapo sababu yake haipo. La pili halikuwa na sababu popote.

Polisi walimwita. Wakamtafutia mkalimani, wakamwuliza kwa upole kwa nini alifanya vile. Angeweza kusema aliogopa. Ilikuwa kweli, na pengine ingemsaidia. Akasema: "Kwetu ni kawaida."

Maneno hayo matatu yaliandikwa, yakasomwa mahakamani. Alitozwa faini, akakatazwa kumiliki mnyama kwa miaka kadhaa, jambo ambalo yeye aliliona dogo. Lililokuwa kubwa ni kwamba kazi ya kutunza watu wasiojiweza inataka mtu mwenye rekodi safi, naye alikuwa ameichafua. Kazi ikaisha. Na waliokuwa mle ndani, hakimu, karani, jirani mwenye mbwa, wote wakatoka wakijua jambo moja jipya kuhusu Watanzania, ambalo si la kweli.

Wewe unayekwenda Uingereza, ujue sheria imekazwa. Tangu Juni 2021, adhabu ya juu ya ukatili kwa mnyama huko England na Wales ilipandishwa kutoka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5. Wewe wa Ujerumani, ujue wenzetu hao waliingiza ulinzi wa wanyama ndani ya katiba yao mwaka 2002. Pale Uswisi, jirani zao, sheria inakataza kufuga simbilisi mmoja peke yake, kwa sababu ni mnyama wa kuishi na wenzake. Najua mtashangaa. Simbilisi huyu huyu anayekimbia kandokando ya mafiga jikoni kwa bibi zenu huko Njombe na Mbeya, anayekamatwa Jumamosi akawa kitoweo. Shangaeni, lakini msicheke mbele yao. Na nikiwaza vizuri, bibi yenu naye hajawahi kufuga simbilisi mmoja. Anawaweka kundi kwa sababu anajua mmoja hanenepi. Ameona kitu kile kile, akakitumia kwa njia yake.

Basi niwaeleze lililonipata mimi.

Mwaka 1984 nilipelekwa Uskochi kwa kozi ya afya ya mifugo. Siku moja tukapelekwa shambani nje ya mji kujifunza kuchukua damu. Ng'ombe walikuwa wanapitishwa mmoja mmoja kwenye ujia wa mbao, unaoishia kwenye kibanio cha chuma. Akafika jike mmoja mweusi na mweupe, akagoma. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha kwamba mtu wa Usangu anawajua ng'ombe. Nikamshika mkia, nikaukunja, nikaukunja tena hadi nikasikia ndani ya kiganja changu kitu kama kijiti kibichi kinachovunjika. Ng'ombe akarusha mateke, akapiga kelele, hakusogea hata hatua. Nikainua fimbo.

Mwenye shamba, mzee mfupi mwenye kofia, alinishika kiwiko. Hakusema neno. Alinivuta hadi mbele ya yule ng'ombe, akachutama, akanionyesha nami nichutame. Nikachutama. Tukawa tunaangalia kutoka urefu wa macho ya ng'ombe. Sakafuni, hatua mbili mbele, kulikuwa na mfuniko wa mfereji uliolowa maji, jua la asubuhi likaupiga, unamulika kama kioo. Yule mzee alichukua gunia kuukuu, akaufunika. Kisha akasimama pembeni, mikono mfukoni. Ng'ombe akanusa gunia, akapita, akaingia mwenyewe kwenye kibanio.

Wanangu, mimi nilikuwa nimesomea mifugo Mpwapwa. Nilikuwa na cheti. Baba yangu alikuwa mchungaji, na kama angekuwa pale angeuona ule mfuniko kabla yangu, kwa sababu baba hakuwahi kumwingiza ng'ombe mtoni bila kwanza kutembea yeye mwenyewe ndani ya maji. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau. Fimbo ilikuwa imenipofusha. Aibu ile ninayo mpaka leo, na si kwa sababu Mzungu alinifundisha, bali kwa sababu alinifundisha kitu cha baba yangu.

Lakini subirini, maana habari haikuishia hapo. Tulilala shambani usiku huo, na usiku kucha ng'ombe walilia. Nilidhani kuna chui, nikakumbuka niko Uskochi. Asubuhi nikaenda kuangalia. Ndama waliozaliwa jana walikuwa wametengwa na mama zao, kila mmoja ndani ya kizimba chake, ili maziwa yaende kwenye matangi. Mama walikuwa wamesimama ukutani, viwele vimejaa, wanaita. Walilia usiku wa pili na wa tatu. Nilimwuliza yule yule mzee mwenye kofia, mzee aliyechutama kwa ajili ya mfuniko mmoja. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba watasahau, huwa wanasahau.

Kwetu, kama mjuavyo, ndama anatangulia kunyonya. Anateremsha maziwa, ndipo mama yenu anakaa na kibuyu chake, na akimaliza ndama anarudishiwa chuchu. Niliwaeleza wenzangu wa kozi jambo hilo, wengine wakaniambia ni ufugaji wa kizamani.

Tangu hapo nikaelewa kwamba kila watu wana mnyama wanayemwona na mnyama wasiyemwona. Ujerumani hiyo yenye katiba inayomtaja mnyama, hadi mwisho wa mwaka 2021 vifaranga madume wapatao milioni 45 kila mwaka waliuawa siku ile ile ya kuanguliwa, kwa sababu dume wa kuku wa mayai hatagi wala hanenepi upesi. Walipigwa gesi au kusagwa. Hakuna aliyewaona, kwa kuwa kiwanda hakina dirisha la mtu wa ghorofani mwenye simu. Wajerumani wenyewe ndio waliofungua macho wakapitisha sheria, na tangu Januari 2022 imekuwa marufuku. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini mtu akikuambia kwamba ninyi Waafrika ni wakatili kwa asili, usimtukane wala usiiname. Mweleze kuhusu ndama anayenyonya kwanza. Na kama ni mtu wa kusoma, mkumbushe London ya miaka 200 iliyopita.

Maana ng'ombe walikuwa wanaswagwa kwa fimbo na marungu katikati ya mitaa ya London hadi soko la Smithfield, wanajigonga, wanavunjika miguu, mpaka soko hilo la wanyama hai lilipohamishwa mwaka 1855. Mwaka 1822 Richard Martin, mbunge wa Galway kutoka Ireland, alipopeleka Bungeni sheria ya kuwalinda, aliwataja farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Mbwa hakumo. Huyu mbwa ambaye leo analala kitandani, sheria yao ilimtaja mwaka 1835, katika sheria iliyopiga marufuku pia kupiganisha majogoo. Chama chao cha kuzuia ukatili, kinachoitwa leo RSPCA, kilianzishwa London mwaka 1824, na kwa miaka ya mwanzo watu wake walikuwa wakishinda masokoni kufuatilia wenye mikokoteni na waswagaji wa ng'ombe. Yaani watu kama sisi. Waliyaanza haya kwa mifugo na wanyama wa kazi, na baadhi yao walichekwa kwa kuyaanza.

Na wewe binti yangu wa Muscat. Huko utakuta paka wengi barabarani, na wengi hawawatupii jiwe. Uislamu wenyewe umefundisha hivyo. Unajua habari ya mwanamke aliyemfunga paka bila chakula, na ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ukiambiwa umlishe paka wa nyumba, mlishe kwa wakati, usimfukuze kwa ufagio. Inaweza kutokea, sikuombei, ukaona paka anapelekwa kwa daktari siku ambayo wewe una homa na umenyimwa ruhusa. Moyo utauma. Usimalizie uchungu wako kwa paka. Kumbuka kwamba katika nchi za Ghuba watoto wadogo walikuwa wakipandishwa ngamia wa mashindano, wanaanguka, wanaumia, hadi Falme za Kiarabu na Qatar zilipopiga marufuku mwaka 2005 na kuweka roboti mgongoni mwa ngamia badala ya mtoto. Mtu anaweza kumwona mnyama na asimwone binadamu aliye karibu naye. Ikikutokea, piga simu ubalozini, piga simu nyumbani, dai haki yako kwa mwenye kosa. Paka hana barua ya ajira.

Mambo mengine madogo nitayapitia haraka. Sikukuu ikija msinunue mbuzi mkamchinjia uani mwa ghorofa. Huko machinjio ndiyo mahali pa kuchinja, na nchi nyingine, kama Sweden kwa sheria ya mwaka 1937, zinataka mnyama apoteze fahamu kwanza hata kama ni ibada, kwa hiyo ulizeni msikitini au kwa wenyeji kabla hamjafunga kamba. Mbwa akikukimbilia, simama, mwite mwenyewe. Na zile video mnazotumiana kwenye simu, nyani anachokozwa, punda anaangushwa watu wanacheka, zifuteni. Mtu wa huko akiziona kwenye simu yako hataamini neno lolote utakalosema baada ya hapo.

Sasa nirudi kwenye yale maneno matatu, kwa sababu ndiyo yaliyonikalisha niandike.

"Kwetu ni kawaida" ni uongo, nami nataka uendelee kuwa uongo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Imepitishwa Dodoma na wabunge wetu, kwa ajili ya mnyama wa kazi, wa kusafirishwa na wa kuchinjwa. Desemba 2021 Serikali ilisimamisha uchinjaji wa punda, waliokuwa wakiteketea kwenye machinjio ya Dodoma na Shinyanga ili ngozi zao zichemshwe kuwa dawa huko China; na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuizuia biashara hiyo ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Hapo hatukuburutwa na mtu. Tuliona punda wanakwisha, tukaona akina mama wanaanza kubeba maji kichwani, tukasema basi.

Wala desturi zetu si za ukatili. Mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku Usangu anamjua kila ng'ombe wake kwa rangi na pembe, anaweza kukutajia mama na bibi wa ndama aliye mbele yako. Mmasai hataki kuona ng'ombe wake ananyweshwa maji wa mwisho. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu kwa ajili ya hifadhi na kuamriwa wahamishe mifugo, ng'ombe wengi walikufa njiani kwa kiu na uchovu, wengine ndani ya malori. Nilikuwa kazini. Nilimwona mzee amekaa chini kando ya fahali aliyelala asiyeweza kuinuka tena, ameweka mkono kwenye shingo yake, hataki kuondoka, watoto wake wanamvuta. Nilipokuwa natimiza wajibu wangu wa kuandika idadi, kalamu ilinishinda. Mtu akisema watu wa huku hawana huruma na mnyama, namkumbuka mzee yule.

Lakini sitawadanganya. Yapo tunayoyafanya kila siku ambayo yanaanza kuyafanya maneno yale kuwa kweli. Kuku hamsini wananing'inizwa kwa miguu kwenye bodaboda, vichwa chini, kutoka Ubaruku mpaka stendi, wengine macho yamevuja damu wanapofika. Ng'ombe wanapakiwa lori la kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, safari ya usiku na mchana, na aliyelala chini wenzake wanamkanyaga, naye utingo anamwamsha kwa kumpaka pilipili machoni. Mtoto anafunga bati mkiani mwa mbwa, watu wazima wanatazama. Na maksai wetu, hawa wanaotulimia majaruba na kutubebea mpunga, wana vidonda shingoni vilivyokaa miaka, kwa sababu nira imechongwa vibaya na hakuna aliyeona haja ya kuichonga upya kwa panga, kazi ya nusu saa. Nimewatibu vidonda hivyo mamia kwa mamia. Unapaka dawa, kesho nira ile ile inarudi.

Huko ndiko jicho linakofia. Mtoto anayezoea kutoona kidonda kile hapa hawezi kuanza kuona baada ya kushuka uwanja wa ndege. Yule kijana wa England hakujifunza teke lile England.

Jana asubuhi nilikuwa natoka dukani, nikamkuta mmoja wenu, huyu wa Ujerumani, amekwama kwenye kivuko cha mfereji karibu na mashine ya kukoboa. Mkokoteni umejaa mpunga wa baba yake, gurudumu la kushoto limezama kwenye tope, maksai wawili wamepiga magoti. Alikuwa na fimbo. Alikuwa amekwisha kupiga, maana michirizi niliiona mgongoni mwa yule mwekundu. Aliponiona akaishusha, akanisalimu. Sikumwambia kitu. Niliweka kifurushi changu kwenye ukingo, nikamwomba achutame pale mbele ya ng'ombe, nami nikachutama. Tukaangalia. Nira ilikuwa imepanda juu ya kidonda cha yule mwekundu, na kila alipovuta mti ulikuwa unaingia ndani ya nyama mbichi.

Akakaa kimya kitambo. Kisha akafungua kamba za mzigo, tukaanza kushusha magunia, moja, mawili, hadi manne, yeye akibeba upande mzito kwa sababu ya mgongo wangu. Akavua shati lake, akalikunja mara tatu, akaliweka chini ya nira. Nikamwambia ni shati zuri. Akasema atanunua lingine Ujerumani. Maksai wakasimama wenyewe, mwekundu kwanza. Wakapumua. Wakavuta.